Kwanza Kile Kisichoongezeka

Kazi ya video imekwisha kuingia Bukima, huku kwetu Majita, na haitatoka. Harusi ya Jumapili ina mpiga video, mahafali ya darasa la saba yana mpiga video, kwaya za Wasabato zinatafuta mtu wa kuzirekodi juu ya miamba ya ziwani. Hata msibani, familia zenye watoto Mwanza, Dar es Salaam au Muscat hutaka picha za maziko ziwafikie walioshindwa kusafiri. Kijana mwenye kamera na jicho zuri anaweza kula kwa kazi hii akiwa hapa hapa Majita. Ndiyo maana swali la kompyuta ya kuhariria silichukulii kuwa la starehe.

Mpwa wangu ni mmoja wa vijana hao. Kikundi chao kinasubiri mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo vijana wametengewa asilimia 4. Alinionyesha kwenye simu laptopu aliyoipenda katika duka moja la Musoma mjini.

"Mjomba, hii ina tera nzima!"

"Na RAM yake?"

"Nane tu. Lakini tera, Mjomba! Nitahifadhi harusi za mwaka mzima."

Kwa mtu wa Bukima mfano wa kumweleza tofauti ya RAM na hifadhi hauko mbali. Dagaa wakishushwa alfajiri hawaendi ghalani moja kwa moja. Huanikwa kwanza, mchangani au juu ya mawe, na wakishakauka ndipo huingia kwenye magunia. RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni uwanja wa kuanikia; hifadhi, ile tera, ni ghala. Ghala liwe kubwa kiasi gani, uwanja ukiwa mdogo dagaa watalundikana na kuvunda kabla ya kuliona gunia.

Kompyuta ikiwashwa tu, Windows na programu ndogo ndogo hujitwalia GB kadhaa. Laptopu isiyo na kadi ya picha ya peke yake hukata tena sehemu ya RAM kwa ajili ya kioo. Kati ya GB 8 zile, kinachobaki kwa video ni kidogo mno. RAM ikijaa, mashine huanza kuazima nafasi kwenye diski, na diski ya zamani yenye sahani inayozunguka husoma kama MB 100 hadi 150 kwa sekunde, wakati SSD ya kawaida, diski isiyo na sahani, hufika karibu 500 na SSD za aina ya NVMe hupita 3,000. Hapo ndipo kijana anaona picha inagandaganda, anadhani kipaji chake kimepungua, au anabonyeza mara tano kitu kilichotaka kubonyezwa mara moja. Kwa Premiere Pro, programu ya kuhariria video, wenye programu wenyewe hupendekeza GB 16 kwa picha za HD na GB 32 kwa 4K. Sioni sababu ya kubishana nao.

Kuhusu tera, tulipiga hesabu pamoja. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 kila saa. Kamera mbili, kanisani na ukumbini, saa nne kila moja, ni GB 360 kwa harusi moja. Ile tera ya mwaka mzima haibebi harusi tatu. Akirekodi HD kwa megabiti 25, saa moja inashuka hadi GB 11 na kidogo, na wateja wengi wa huku wanaotazama kwenye simu hawatalalamika. Nilimsihi alifikirie hilo kabla hajafikiria mashine, maana ukubwa wa kazi ndio unaopaswa kuchagua kifaa. Nimeona vijana wenye akili wakiingia madeni kwa sababu walianza na kifaa, kisha wakaanza kukitafutia kazi ya kukilipia.

Ila kilichobaki moyoni mwangu baada ya mazungumzo yale ni jambo jingine. Laptopu nyingi nyembamba za leo zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao wake. MacBook zote zenye chipu za M nazo haziongezeki RAM, na za kampuni nyingine zinafuata. Ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachokuwa nacho hadi mashine ife. Hifadhi haiko hivyo: leo unaanza na SSD ya GB 512 ndani, miezi michache ya harusi nzuri ikipita unanunua diski ya nje, na nyingine mwakani. Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye kile kisichoongezeka. Muuzaji hawezi kukuambia hivyo, kwa sababu kinachong'aa kwenye tangazo lake ni tera. Muulize kama RAM inabadilishika, na kama ipo nafasi ya pili iliyo wazi. Uliza sasa hasa, kwani tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote, viwanda vikubwa vikielekeza nguvu zao kwenye vituo vya data vya akili mnemba, na kosa la kununua pungufu limekuwa ghali.

Tangu hapo nimekuwa nikiyapima mambo mengine ya nyumbani kwa swali hilo hilo: kipi kitaongezeka baadaye, na kipi hakiongezeki? Mabati yataongezeka. Sofa itanunuliwa. Miaka miwili ya kwanza ya mtoto, ile anayohitaji uji wenye dagaa waliosagwa, maziwa, na mtu mzima wa kuzungumza naye, hakuna duka litakaloiuza mwakani. Hata hivyo tunaona baba anahamia visiwani miaka hiyo hiyo kutafuta fedha za mabati, na jamii nzima inampongeza. Simlaumu, umaskini una amri zake. Lakini mwenye nafasi ya kuchagua, basi achague akijua anachokiacha.

RAM ina tabia nyingine: umeme ukikatika, kila kilichokuwamo hupotea. Betri ya laptopu inasaidia kwa muda, ila betri ikifa nayo, kilichobaki ni kile tu kilichoandikwa kwenye diski. Na sisi Wajita mengi tunayoyajua bado yamo vichwani mwa watu, hayajaandikwa popote. Namna ya kusoma upepo kabla ya kuvusha mtumbwi, majina ya miamba, nyimbo za kubembelezea watoto kwa Kijita, nani alihamia kutoka wapi na kwa ugomvi gani. Vijana wetu wenye kamera wanarekodi keki ikikatwa kutoka pembe tatu, na bibi wa bwana harusi aliyekaa mstari wa mbele hajawahi kuulizwa jambo hata moja mbele ya kamera ile.

Ng'ambo ya maji, Ukerewe, aliishi Aniceti Kitereza. Mwaka 1945 alikamilisha kwa Kikerewe riwaya ndefu juu ya maisha ya watu wake kabla ya ukoloni, na hakupata wa kuichapa. Alikaa na karatasi zile, akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikaitoa kama Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Alifariki mwaka uliofuata. Miaka 35 kazi ile ilikuwa karatasi ambazo moto mmoja au mvua moja ingezimaliza. Zilifika kwetu kwa sababu mtu alizitunza. Sauti ya Mwalimu Nyerere tunayoisikia kila Oktoba imetufikia vivyo hivyo: watu wa Radio Tanzania walitunza kanda.

Kwa hiyo mwishoni nilimpa mpwa wangu mpangilio huu, na nauandika hapa kwa yeyote anayeuhitaji. RAM GB 16 ndiyo chini kabisa, 32 kama 4K ndiyo kazi yako ya kila wiki. Ndani, SSD ya NVMe ya GB 512, na moja ya tano yake iachwe wazi daima, kwa sababu SSD iliyojaa hupoteza kasi. Fedha za ile tera zinunue diski mbili za nje za kawaida, zile zinazozunguka, kwani kwa kutunza hazina neno na bei yake ni nafuu. Usizisafirishe kwenye bodaboda zikiwa mkobani bila kitu laini cha kuzizungushia: ncha inayosoma huelea juu ya sahani kwa mwanya mwembamba maelfu ya mara kuliko unywele, na diski ikianguka basi tena. Diski au flashi ya bei ya ajabu inayodai tera mbili ijaze mpaka mwisho na uzifungue video zote kabla hujaiamini. Zipo nyingi za uongo, huandika upya juu ya kazi yako bila kukuambia. Weka nakala tatu za kila kazi, katika vifaa vya aina mbili, na moja ilale nyumba nyingine kabisa, kwa dada au kwa mchungaji, ili mwizi au moto wa nyumba moja usiondoke na vyote.

Na kama hujanunua laptopu bado, simu yako inatosha kuanza. Jumapili hii, kabla ya harusi, kaa na mzee mmoja wa kwenu nusu saa, mrekodi kwa Kijita, Kikwaya au Kiruri bila kumkatiza, kisha nakili video hiyo mahali pengine kabla hujalala.