Sindano hiyo ni ya nini?

Mtaa wetu wa Shella, hapa Malindi, hauna uwanja wa riadha wala haujatoa bingwa wa mbio ndefu. Lakini mpenzi msomaji, ukipita baada ya sala ya alasiri, wauza kahawa wanapoanza kugonganisha vikombe, utadhani umeingia Iten. Kila baraza lina makocha wake. Dirisha langu liko juu tu ya baraza la wazee, na kwa kuwa sisi wanawake hatukai pale, mimi husikiliza. Si kudoya, wenyewe hupiga kelele.

Ugomvi mkubwa ulianza Oktoba 2024, Ruth Chepngetich alipomaliza marathoni ya Chicago kwa saa 2:09:56, mwanamke wa kwanza duniani kuteremka chini ya saa 2 na dakika 10. Rekodi ya awali, ya Muethiopia Tigst Assefa, ilikuwa 2:11:53. Ami yangu alisema mtu hapunguzi karibu dakika 2 kwa uji wa wimbi. Kijana mmoja, fundi wa pikipiki, akamjibu kuwa hicho ni kijicho: Mzungu akitimka husifiwa viatu na sayansi, Mkenya akitimka huulizwa amekula nini. Nusu ya baraza ilikuwa huku, nusu kule, na kahawa ikapoa.

Julai 2025 Chepngetich akasimamishwa, na Oktoba mwaka huo akapigwa marufuku miaka 3. Nilitarajia Ami ashangilie. Badala yake alipotajiwa dawa yenyewe, hydrochlorothiazide, alitia mkono mfukoni akatoa karatasi ya vidonge. Ilikuwa ndiyo hiyo hiyo! Dawa yake ya presha, anayoimeza kila asubuhi.

"Kumbe nawe wafaa kufungiwa, mzee wangu," fundi akamwambia, na baraza zima likaangua kicheko.

Dawa hii hutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Mgonjwa humteremshia presha. Kwa mwanariadha yaweza kuficha dalili za dawa nyingine, ndiyo sababu imekatazwa. Kipimo kinachofaa kuripotiwa ni nanogramu 20 kwa mililita moja ya mkojo. Sampuli ya Chepngetich ya Machi 14, 2025 ilikuwa na 3,800. Mwanzoni hakuwa na maelezo, kisha akasema alikuwa mgonjwa, akameza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani bila kuiangalia. Wachunguzi wa riadha wa AIU hawakuridhika, nami pia sikuridhika. Bingwa wa dunia wa 2019 hakuwa mgeni wa kupimwa. Hata hivyo rekodi ya Chicago imebaki, kwani ilitangulia sampuli hiyo, na jambo hili humchoma Ami mpaka leo.

Lakini hadithi ya dawa ya kuazima hainishangazi. Shella tunapeana vidonge kama tunavyopeana chumvi. Na sindano ndiyo tunayoiamini zaidi. Daktari asiyedunga tunamwona hajui kazi.

Kwa hiyo mimi humfikiria zaidi Ferdinand Omanyala. Mwaka 2017 aliumwa na mgongo, akadungwa sindano ya maumivu hospitalini, kwa maelezo yake. Ndani yake mlikuwa na betamethasone. Akafungiwa miezi 14, kwa sababu sheria humwajibisha mwanariadha kwa chochote kilichomo mwilini mwake, awe amekijua au la. Alirudi, na Septemba 2021 pale Kasarani akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Mwaka 2022 akatwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham. Barazani wapo wasemao doa halitoki. Mimi nampigia makofi, adhabu aliimaliza.

Nina sababu ya kumfikiria. Mpwa wangu ana miaka 16 na hukimbia mita 800. Mazoezi yake ni ufuoni alfajiri, maji yakitoka na mchanga ukiwa mgumu. Wiki moja kabla ya mashindano ya shule, goti lilimvimba. Mtu anayewafunza vijana akampeleka kwenye duka moja la dawa: sindano moja tu, kesho ataruka. Bahati mamake, dada yangu, alifuatana nao.

"Niandikie jina lake," akamwambia mwenye duka.

"Mama, ni ya maumivu tu."

Akarudia ombi lile lile mara tatu. Mwenye duka akakirudisha kichupa kwenye droo, nao wakaondoka. Daktari waliyemwona kesho yake aliagiza barafu na mapumziko ya wiki tatu. Mbio zikampita. Aliyeshinda alitumia muda ambao mpwa wangu huushinda mazoezini.

Usiku ule Ami alikuja kumpa pole. Yeye aliyemlaani Chepngetich mchana kutwa akasema, "Angedungwa tu. Mtoto wa shule nani atampima?"

"Na Omanyala naye alidungwa tu, Ami," nikamwambia. Akaomba maji ya kunywa.

Goti limepona na kijana amerudi ufuoni. Ila sasa hamezi kitu bila kusoma karatasi. Juzi nyanyake alimpa kidonge cha kichwa, akakigeuza-geuza akitafuta maandishi, na bibi akaudhika siku nzima kwamba mjukuu amemfanya mchawi.