Maneno ya mbuzi darasani

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Lubumbashi, nafundisha uraia. Mwaka jana niliwaandikia watoto ubaoni: tribinali ya amani, tribinali kubwa, korti ya rufani. Waliandika vizuri sana katika madaftari yao, na walisinzia vizuri vilevile. Basi nikasema, haya, tufanye tribinali yetu wenyewe.

Maneno yalikuwa ya mbuzi. Mbuzi wa mjane amepotea, na kijana jirani yake ameonekana sokoni na pesa. Hayo tu ndiyo niliyowapa. Wakamchagua juji, msichana wa benchi la nyuma asiyesema sana. Joho lake lilikuwa kitenge cheusi cha mama yake. Tukapata karani, wakili wa Serikali, avoka na mashahidi. Mshitakiwa tu ndiye alikosekana, hakuna aliyetaka. Mwisho akainuka kijana mmoja, akasema: "Mwalimu, uniweke mimi. Nimezoea."

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Mwaka uliotangulia, pesa za karatasi za mtihani zilipotea juu ya meza yangu, nami nilimfukuza kijana huyo siku tatu, kwa kuwa ndiye aliyebaki darasani wengine walipotoka. Sikumwuliza hata neno moja.

Shahidi wa kwanza akasema: "Mwizi ni yeye, kila mtu anajua." Avoka, mdogo wa mwili lakini mwenye ulimi, akafungua daftari. Akasoma kwamba Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 17, inamhesabu mshitakiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho ihakikishe kosa lake.

"Shahidi, ulimwona na mbuzi?"

"Hapana."

"Uliona kamba?"

"Hapana."

"Basi uliona nini?"

"Niliona pesa."

Wakili wa Serikali alipoona mambo yanamharibikia, akaomba baba ya kijana afungwe mpaka mtoto aungame. Wasomaji, msicheke. Ni mama wangapi wamelala buloko kwa ajili ya mtoto aliyekimbia? Lakini juji akamkatiza: kifungu kilekile kinakataza kumshika mtu kwa kosa la mwingine. Tena kifungu cha 18 hakiwapi polisi ruhusa ya kumweka mtu kupita masaa 48. Wamwachilie, au wampeleke mbele ya wakubwa wa sheria. Nilistaajabu. Hayo niliyafundisha mara moja tu, kengele ikikaribia kulia.

Kisha juji akamgeukia mshitakiwa: "Na wewe mwenyewe unasema nini?"

Kijana akajibu kwamba hakuiba mbuzi. Pesa zile alilipwa kwa kubeba mifuko ya makaa. Akanyamaza kidogo. Halafu, bila kunitazama, akasema: "Na zile za karatasi za mtihani, sikuzichukua."

Hakuna aliyekohoa. Karani akainua kalamu: "Na hayo niandike?" Juji akaniangalia.

Nikasema: "Andika."

Kwa neno la mbuzi aliachiliwa, maana ushahidi haukutosha. Wakili wa Serikali akanung'unika kwamba atakata rufani ndani ya siku 10. Kengele ikalia, wakatoka mbio. Nilimwomba kijana abaki. Nikaketi kwenye benchi karibu naye, nikamwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza mwaka ule. Jibu lake lilikuwa refu.