Desa Lilijua, Mimi Sikujua

Swali lilikuwa la ngazi. Unalijua, kila aliyepita PCM amekutana nalo: ngazi ya mita 5 imeegemea ukuta laini usio na msuguano, mguu wake uko mita 3 kutoka ukutani, uzito wake nyutoni 200 pale katikati. Tafuta msuguano wa sakafu unaoizuia isiteleze. Nililiandika ubaoni Agosti mwaka jana, Kidato cha Tano, sekondari moja ya mkoani, wiki ya tatu ya mazoezi yangu ya kufundisha. Nilikuwa na miaka 21 na kujiamini kwingi, maana swali hilo nilikuwa nalo kwenye desa, limefanywa mstari kwa mstari.

Nikachora. Urefu wa kwenda juu ukutani ni mita 4, Pythagoras kamaliza. Nikaandika: chukua momenti kwenye mguu wa ngazi. Kani ya ukuta mara 4 ni sawa na 200 mara 1.5. Ukuta unasukuma kwa nyutoni 75, kwa hiyo msuguano nao ni 75. Nikapiga mistari miwili chini ya jibu, kama ilivyopigwa kwenye desa.

Kijana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Somo ni la Kiingereza, lakini swali lilimtoka kwa Kiswahili: "Madamu, kwa nini umechukulia momenti pale chini? Kwa nini sio juu, au katikati?"

Ningeweza kumwambia nitakujibu kesho. Tumefundishwa hapa hapa chuoni kwamba hiyo sio aibu. Lakini watoto arobaini na kitu wananitazama, na mwalimu mwenyeji yuko nyuma na fomu yake ya tathmini. Nikasema, "Ndiyo kanuni. Swali la ngazi unaanzia chini." Nikamwona anaandika kwenye daftari, kisha anapigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Nilifikaje hapo? Njia ni ile ile ya wengi wetu. Mwaka wa kwanza, kozi ya mekanika inaanza kubana, mtu anakwambia steshenari fulani kuna desa la maswali yaliyofanywa. Unatoa kopi, unakaa kimbwetani usiku, unasoma. Na kiukweli linasomeka vizuri! Hatua ya kwanza inaeleweka, ya pili inaeleweka, jibu linatoka. Unatingisha kichwa, unafungua ukurasa. Mimi nilikuwa namaliza maswali kumi na tano kwa usiku mmoja, nayasoma kama gazeti. Testi ikija na swali linalofanana, nambari tu zimebadilika, napata. Sikuwahi kupata sapu hata moja. Marafiki zangu waliniita kipanga, nami nikakubali.

Wiki mbili baada ya swali la ngazi nikawapa jaribio. Swali la tatu: ubao wa mita 6 umelala juu ya nguzo mbili, mtu amesimama mita 2 kutoka nguzo ya kushoto, tafuta kila nguzo imebeba kiasi gani. Swali la bure kabisa. Yule kijana, ambaye maswali mengine alipata yote, hapo aliacha nafasi tupu. Nilipomwita akanijibu kwa heshima zote, "Nilitafuta pa kuanzia, madamu. Huu ubao hauna chini."

Sikucheka. Alikuwa ametumia kanuni yangu.

Usiku ule nilichukua swali la ngazi upya, nikafunika ufumbuzi kwa daftari, nikajaribu peke yangu. Nilikaa karibu saa nzima. Kuzidisha hakukuwa tatizo, nilikwama pale pale alipouliza: naanzia wapi, na kwa nini? Mwishowe nikachora kani zote kwa mishale mikubwa. Ukuta unasukuma ngazi kwa pembeni. Uzito unavuta chini. Sakafu inasukuma juu, na msuguano unavuta mguu kuelekea ukutani. Hizi mbili za mwisho zote zinapita mguuni. Ukichukulia momenti pale, umbali wake ni sifuri, zinatoweka kwa mpigo, na kwenye mlinganyo anabaki asiyejulikana mmoja tu. Basi. Ile haikuwa kanuni, ni mtu aliangalia mchoro akachagua sehemu itakayompunguzia kazi. Desa lilikuwa limeandika alichofanya baada ya kuchagua, kule kuchagua kwenyewe halikukuandika.

Nilivyoona hivyo nikaanza kulichokoza swali. Je, mtu wa kilo 60 akipanda? Akiwa chini kabisa anaongeza uzito sakafuni bila kuongeza momenti, hivyo namba ya msuguano inayohitajika inashuka kutoka 0.375 hadi karibu 0.09. Akifika juu kabisa, ukuta unasukuma kwa nyutoni 525 na namba inapanda hadi karibu 0.66. Nyumbani mjomba akipanda kupaka rangi huwa tunaishikilia ngazi kwa nguvu anapokanyaga vipandio vya kwanza, akishafika juu tunaanza kupiga stori. Tumekuwa tukifanya kinyume miaka yote.

Sasa nisieleweke vibaya, sisemi tuchome madesa. Mwaka 1985 John Sweller na Graham Cooper, watafiti wa Australia, walionyesha kwamba wanaoanza aljebra wanaweza kujifunza vizuri zaidi kwa kusoma mifano iliyofanywa kuliko kurushwa kwenye maswali bila msaada. Lakini mwaka 1989 Michelene Chi na wenzake kule Marekani waliwafuatilia wanafunzi waliokuwa wakisoma mifano ya mekanika, mambo haya haya ya kani na miteremko. Waliofanya vizuri ndio waliokuwa wakijieleza kila hatua: hii imetoka wapi, kwa nini hapa. Na wao ndio waliogundua mapema kwamba hawajaelewa. Wale dhaifu mara nyingi walijiona wameelewa. Niliposoma hapo niliona aibu, nilikuwa najisoma mwenyewe pale kimbwetani.

Hata kile kitabu cha K. A. Stroud, Engineering Mathematics, ambacho jamaa wa uhandisi wanatembea nacho kama tofali, tangu toleo la 1970 kimekatwa vipande vidogo. Kinakuuliza, kinakuachia ufanye, jibu linakuja kipande kinachofuata. Sisi tunaruka moja kwa moja kwenye jibu, halafu tunalalamika kitabu ni kinene.

Jumatatu yake niliingia darasani kabla sijapoa. Nikawaambia, "Wiki mbili zilizopita niliwadanganya. Hakuna kanuni ya kuanzia chini. Sikujua jibu." Kimya. Mwalimu mwenyeji siku hiyo hakuwepo, na nakiri nilishukuru. Nikachora ngazi tena, mishale yote, nikawauliza wangependa kuanzia wapi.

Kijana wa nyuma akasimama. "Kwa hiyo ningeweza kuanzia juu?"

"Njoo ujaribu."

Akaja na daftari lake, ule mstari mwekundu bado upo. Sakafu inasukuma juu kwa 200, akasema, maana hakuna kingine cha kubeba uzito. Kisha kutoka kule juu: 200 mara 3, toa 200 mara 1.5, ni sawa na msuguano mara 4. Ikabidi arudie kuandika mara mbili kwa sababu alama ya kutoa ilimpotea. Ikatoka 75. Aliitazama muda mrefu, hakupigia mstari.

"Na katikati je, madamu?"

Kengele ikalia. Hakuna aliyenyanyuka.