Wenyeji wa Chini ya Maji

Ukipanda treni Tabora kwenda Kigoma, unasafiri takribani kilomita 400 kuelekea kule kule walikokwenda wapagazi wa Kinyamwezi, mizigo mabegani, hadi Ujiji. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Wao walitembea, nawe unalalamika treni imechelewa!

Ukifika, usiharakie kuvua viatu. Waulize kwanza wavuvi ni wapi pasipo na mamba. Mimi nilipelekwa kwenye ufuko wa mawe, nikavaa miwani ya kuogelea, nikazamisha uso. Samaki wadogo wenye milia walikuwa wakikwangua ukoga mawene. Wengi wao hawapatikani popote duniani ila humo. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi. Linalolizidi ni Baikal la Urusi tu, ambamo huishi sili, mnyama anyonyeshaye mwenye mapezi. Sisi hatuna sili. Tuna samaki ambao mama hubeba mayai na watoto kinywani.

Hapo ndipo nataka unisikilize. Mama huyo akitishwa anaweza kuwatema, wakaliwa na samaki wengine. Kijana tuliyekuwa naye alipoanza kuwafukuza, mvuvi alimwamuru atoke majini. Kisha akatuonyesha namna yake: elea tu, mikono kifuani, usipige miguu. Tukatulia. Baada ya muda samaki walirudi mmoja mmoja, na mmoja, kidevu kimetuna, akapita karibu kabisa na uso wangu.