Desemba ya London na Desemba ya Moshi

Kwa kijana wa Kitanzania mwenye kazi ya ofisini London na wazazi Kilimanjaro, Desemba ni mwezi wa kugombewa. Jijini anatakiwa na ofisi, marafiki, kanisa na mashirika ya hisani. Nyumbani anasubiriwa na wazazi, ukoo na kamati za harusi. Sheria ya Uingereza inamhakikishia mfanyakazi wa siku 5 kwa wiki likizo isiyopungua siku 28 kwa mwaka, lakini mwajiri anaruhusiwa kuhesabu humo sikukuu za kitaifa. Siku zinazobaki hazitoshi kuridhisha pande zote, na kila mwaka kijana huyo huamua upya nani atapata muda wake na nani atapata fedha zake.

Anayebaki London huanza mwezi akiwa na ratiba iliyojaa. Jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, na maisha ya watu huhamia ndani ya kumbi, migahawa na nyumba za marafiki. Kuna sherehe ya ofisi, chakula cha jioni na wateja, na zawadi ndogo ambazo wafanyakazi hupeana kwa kura. Watanzania nao wana kalenda yao. Tarehe 9 Desemba ni kumbukumbu ya Uhuru wa Tanganyika wa 1961, na wikiendi iliyo karibu na siku hiyo huwa ya pilau, mishkaki na muziki katika ukumbi wa kukodi. Walutheri wana ibada za Kiswahili jijini humo, ambako mgeni aliyefika mwaka huo hupata mtu wa kumwuliza habari za nyumba ya kupanga na kazi. Si wote wanaopata nafasi ya kufurahia mwezi huu: wauguzi na watunza wazee huenda zamu mchana na usiku, Krismasi ikiwemo, kwa sababu wodi na nyumba za wazee hazifungwi.

Kujitolea ni sehemu ya kawaida ya ratiba hiyo. Shirika la Crisis, lililoanzishwa 1967, mwaka mmoja baada ya mchezo wa televisheni wa Cathy Come Home kuwashtua Waingereza juu ya familia zisizo na makazi, huendesha kila mwaka huduma za Krismasi kwa watu wasio na nyumba. Wageni hupata chakula cha moto na mahali pa joto, na pia daktari wa meno, kinyozi, mtu wa kuwapima macho na mshauri wa masuala ya nyumba. Mtu wa kujitolea hujiandikisha mapema kwenye mtandao, huchagua zamu, husoma maelekezo, na siku ikifika hupewa kazi: kugawa chai, kufua nguo, kukaa mlangoni au kuzungumza tu na mgeni aliyechoka kukaa peke yake. Benki za chakula nazo zina kazi nyingi. Mtandao wa Trussell, uliofungua benki yake ya kwanza katika mji wa Salisbury mwaka 2000, unategemea watu wa kupanga makopo kwenye rafu, kukagua tarehe za mwisho za matumizi na kufunga maboksi. Anayetaka kufanya kazi za karibu na watoto au watu wazima walio katika hali dhaifu kwa kawaida hukaguliwa kwanza rekodi yake ya jinai, na ukaguzi huo huchukua muda. Anayekumbuka kujitolea tarehe 20 Desemba mara nyingi hukuta nafasi zimejaa.

Kujitolea kwa namna hii kuna uzuri na mipaka yake. Kijana hutoa saa zake kwa mtu asiyemfahamu, zamu ikiisha anavua kitambulisho na kuondoka, na hakuna atakayempigia simu Januari kumdai zaidi. Waajiri wengi humpa mfanyakazi siku moja au zaidi ya kujitolea yenye malipo. Kikwazo kikubwa cha siku yenyewe ni usafiri: tarehe 25 Desemba treni za chini ya ardhi hazitembei London, wala mabasi ya mji. Anayeishi mbali na kituo huhitaji baiskeli au nafasi katika gari la mwenzake, la sivyo huchagua zamu ya siku nyingine. Upande wa fedha, serikali humsaidia mtoaji. Mlipa kodi akitoa paundi 1 kwa shirika la hisani linalotambuliwa chini ya utaratibu wa Gift Aid, shirika hudai peni 25 zaidi kutoka idara ya kodi. Paundi hiyo hiyo ikitumwa Moshi kumnunulia mtoto wa shangazi sare za shule, haiongezewi hata peni moja. Kwa macho ya dola ni matumizi binafsi, ingawa kwa mtumaji ndiyo sadaka iliyomgharimu zaidi.

Anayeamua kwenda nyumbani hukutana kwanza na nauli. Kwa kawaida safari ya kutoka London hadi Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro hupitia mji mwingine, kama Amsterdam, Addis Ababa, Doha au Nairobi, na tiketi za wiki ya Krismasi hupanda bei kwa sababu wengi husafiri siku zile zile. Anayeshukia Dar es Salaam huingia katika msongamano mwingine. Desemba maelfu ya watu wenye asili ya Kilimanjaro huondoka mijini kwa wakati mmoja, mabasi ya Moshi na Arusha hujaa, na mamlaka ya usafiri, LATRA, huruhusu mabasi ya ziada na kufuatilia wanaozidisha nauli. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi, iliyokuwa imesimama kwa zaidi ya miaka 20, ilirejea Desemba 2019, kwa hiyo familia nyingi zimepata njia ya pili.

Kijijini ratiba haiandikwi, lakini ni ngumu kuliko ya London. Shule zimefungwa, walio Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi wamerudi, na kila shughuli iliyosubiri watu sasa ina watu. Kuna kipaimara, ubatizo, send-off, harusi, ibada ya shukrani na kikao cha ukoo kinachojadili mipaka ya kihamba (shamba la ukoo), ada ya mtoto yatima au makaburi ya wazee. Mbuzi huchinjwa, mbege ya ndizi na ulezi huandaliwa siku kadhaa kabla, na kila nyumba ya karibu hutarajia kutembelewa. Kumpita baba mdogo bila kuingia kwake ni kosa litakalosemwa hadi Pasaka. Michango nayo huanza kabla ndege haijatua: kundi la WhatsApp la harusi limekwisha kutaja kiwango cha kadi, na kanisani, baada ya ibada, mnada wa kuku, mayai na mikungu ya ndizi humgeukia aliyetoka Ulaya. Kuku wa mnada anaweza kuuzwa mara tatu ya bei ya sokoni, kwa kuwa kila mtu anajua kinachonunuliwa ni ukarabati wa paa la kanisa.

Kujitolea kuko pia, na kulikuwapo kabla ya mashirika. Katika Kilimanjaro na Upare watu hukusanywa kwa msaragambo kusafisha mifongo inayoleta maji mashambani, kuziba mashimo ya barabara au kubeba mawe ya ujenzi, na asiyefika anaweza kutozwa faini. Mtu wa ughaibuni huombwa fedha kuliko jembe. Hilo humpunguzia jasho, lakini humfanya ahesabiwe kama mfuko na si kama mwenzao. Akitaka kutoa ujuzi wake, nafasi haziko mbali. Watahiniwa wa kidato cha nne wamemaliza mtihani Novemba na wanasubiri matokeo. Mhasibu au mtaalamu wa kompyuta anaweza kuwafundisha kutumia jedwali la hesabu, kuandika barua ya maombi ya kazi au kuepuka matapeli wa mtandaoni. Wanaoingia kidato cha kwanza Januari hawalipi ada katika shule za serikali tangu 2016, ila sare, madaftari na viatu bado ni mzigo wa mzazi.

Baadhi ya kazi zinahitaji tahadhari. Daktari aliyesajiliwa Uingereza hawezi kuanza kutibu kwa sababu tu yuko likizo kwao; anahitaji kwanza usajili, hata wa muda, kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika. Aliye na wiki mbili tu huwafaa zaidi wenzake kwa kuzungumza nao juu ya mbinu mpya, katika hospitali kama KCMC, iliyofunguliwa Moshi 1971. Ziara za vituo vya watoto yatima nazo ni za kupima. Watoto huzoea wageni wa siku moja wanaopiga picha na kutoweka. Ni heri kuwauliza walezi na ofisi ya ustawi wa jamii kinachohitajika, kisha kukilipia kwa miezi kadhaa bila kamera.

Ukiyapima makazi haya mawili, London humpa kijana uhuru wa kuchagua kiasi cha kutoa, na Moshi humpa uhakika kwamba alichotoa kimemfikia mtu mwenye jina. London humwacha apumzike na huweza pia kumwacha mpweke; Moshi haimwachi mpweke wala haimpi nafasi ya kulala. Wengi hawachagui upande mmoja. Hubadilishana miaka, au huenda nyumbani katikati ya mwaka nauli zinaposhuka, wakabaki London Desemba na kuchukua zamu. Wanaosafiri hufaidika wakiweka kiwango kimoja cha michango yote kabla ya kuondoka na kukiacha kwa ndugu mmoja anayeaminika, ili wazee watembelewe kwa mazungumzo badala ya bahasha. Pande zote mbili zina udhaifu unaofanana: msaada hufurika mwezi mmoja kisha hukauka. Benki ya chakula hufunga maboksi hata Februari, na mfongo huziba tena mvua kubwa za masika zinapokuja. Zamu moja kwa mwezi London, na mtu mmoja kijijini aliyekabidhiwa darasa la kompyuta pamoja na fedha ya kuliendesha, hufanya kazi ambayo wiki mbili za sikukuu haziwezi kuimaliza.