Kanda la Usufi

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Afungaye mzigo asioubeba huuona mwepesi, kwa kuwa mabega yatakayouma si yake. Methali hii ilitungwa kwa mizigo ya kamba na magunia, lakini yafaa vile vile kwa mzigo wa siku hizi usioonekana kwa macho, nao ni programu zinazopelekwa kwa mtandao na kufunguliwa ndani ya simu za watu.

Wilaya ya Rungwe ni mahali pema pa kulitafakari jambo hili. Nchi yake ni ya milima na mabonde, mvua yake ni nyingi, na moja ya kazi zake kubwa ni kilimo cha chai. Mkulima huchuma majani mawili na kichipukizi, huyapeleka kituoni yakapimwa, kisha gari huyachukua mpaka kiwandani, mathalani kile cha Katumba karibu na Tukuyu. Jani bichi, zaidi ya sehemu mbili kwa tatu yake ni maji. Kiwandani majani hunyaushwa, husagwa, huachwa yageuke rangi, hukaushwa kwa moto na kuchekechwa. Na katika kila kilo nne au tano za majani mabichi hutoka kilo moja tu ya chai kavu. Hakuna mtu mwenye akili anayesafirisha maji ya jani hadi bandarini ili yakakaushwe huko. Mzigo hupunguzwa mapema, karibu na shamba, na anayeupunguza ndiye anayegharimia moto. Mnywaji hapotezewi kitu, maana kilichoondolewa hakukihitaji.

Programu za mtandao zimefuata njia nyingine. JavaScript, lugha inayoeleweka na vivinjari vyote, ilitungwa na Brendan Eich mwaka 1995 kwa ajili ya kazi ndogo ndogo za ukurasa. Leo hujengewa programu nzima. Mwandishi wa programu haandiki kila kitu kwa mkono wake. Huazima maktaba zilizoandikwa na wengine, na kila maktaba huja na nyingine ilizoziazima yenyewe. Akitaka kazi moja ya kupanga tarehe, hupewa pamoja nayo kazi nyingi asizozitaka. Mwishoni kompaila huviunganisha vyote, na faili litokalo humfikia kila afunguaye ukurasa.

Na hesabu yake hulipwa na nani? Chukua mfano wa kijana wa Masoko aliyemaliza kidato cha sita, naye anajaza fomu ya kuomba nafasi ya chuo kwa simu yake. Programu ya fomu hiyo ikiwa na uzito wa megabaiti 2, na mtandao wake ukipitisha kilobiti 400 kwa sekunde, atangoja sekunde 40 kabla ya kuona mahali pa kuandika jina lake. Ikipunguzwa hadi kilobaiti 200, atangoja sekunde 4. Kifurushi cha megabaiti 100 huweza kuipokea programu ya kwanza mara 50, na ya pili mara 500. Ni kweli kwamba kivinjari huweza kulihifadhi faili kisiliombe tena. Lakini kila toleo jipya likitoka, malipo huanza upya. Mwandishi aliyeketi ofisini penye mtandao wa kasi haoni lolote katika haya. Kwake yeye, kanda ni la usufi.

Njia za kupunguza zipo, na kila moja ina kadiri yake. Ya kwanza ni kufupisha. Mwandishi hutoa majina marefu ili wenzake wamwelewe. Huweza kuandika jumlaYaKiloZaChai, jina lenye herufi 17. Mashine haihitaji maelezo hayo. Kompaila huligeuza kuwa herufi moja, na jina likitajwa mara 100, herufi 1,600 zimeokolewa. Nafasi na maelezo yaliyowekwa kwa ajili ya wasomaji pia huondolewa. Andiko hilo halisomeki tena kwa binadamu, lakini hapana hasara, mradi asili imehifadhiwa kwa mwenyewe.

Ya pili huitwa na mafundi kukung'uta mti, ili yaliyokauka yaanguke. Jina hili lilienea hasa kwa kazi ya Rich Harris, aliyetoa chombo kiitwacho Rollup mwaka 2015. Mwaka huo huo kanuni za JavaScript zilikubali moduli ambazo hutangaza wazi, kabla programu haijaanza kwenda, kinachotolewa na kinachoazimwa. Kompaila huyafuata matangazo hayo kama mtu afuataye mizizi, na kisichoguswa na mzizi wowote hukitupa. Lakini ipo mitego. Baadhi ya moduli hutenda jambo kwa kule kupakiwa tu, na kompaila isipokuwa na hakika huiacha moduli mahali pake, kama mtu anayeogopa kukata mti mkavu kwa kuwa huenda ndio unaoshikilia ua.

Ya tatu ni kugawa: sehemu ya kwanza ipelekwe sasa, nyingine zingoje zitakapoitwa. Ajazaye fomu hana haja ya kubebeshwa chombo cha kuchorea ramani.

Ya nne ni kubana faili linaposafiri. Misingi yake ilielezwa na Lempel na Ziv mwaka 1977: neno lililokwisha kutajwa lisirudiwe, bali ionyeshwe tu mahali lilipopita. Njia iitwayo Brotli, iliyotokana na kazi ya Google na kuandikiwa kanuni rasmi mwaka 2016, iliongeza kamusi iliyomo tayari ndani ya kivinjari, yenye maneno na silabi zaidi ya 13,000. Lugha za watu zilizochukuliwa humo ni Kiingereza, Kihispania, Kichina, Kihindi, Kirusi na Kiarabu. Kiswahili hakimo. Maandishi yetu hubanwa pia, kwa kuwa viambishi vyetu hujirudia sana. Lakini ukurasa mfupi wa Kiswahili hukosa msaada ambao ukurasa wa Kiingereza huupata tangu neno la kwanza. Hivi ndivyo lugha isiyohesabiwa hulipishwa kidogo kidogo bila mtu kukusudia.

Tena hapana budi kukumbuka kwamba kubana hupunguza safari, hakupunguzi kazi. Faili likifika hufunguliwa likarudia ukubwa wake, na simu hulazimika kulisoma na kulitafsiri lote. Simu ya bei ndogo huchelewa na kumaliza chaji. Kwa hiyo afichaye uzito kwa kubana tu amelipunja deni, hajalilipa.

Dawa ya kweli imo katika mkono wa mwandishi kabla ya kompaila kuguswa. Apime uzito wa kila maktaba kabla ya kuiazima. Aweke kikomo cha kilobaiti, na kila kiingiacho kikikivuka, kitolewe kingine. Aijaribu kazi yake kwa simu ya kawaida kwenye mtandao hafifu, kwa maana hapo ndipo hukumu ya haki hutolewa. Fundi husifiwa kwa alichokiongeza, na ni nadra kusifiwa kwa alichokiacha. Hata hivyo kijana aliyeipata fomu kwa sekunde 4, akaijaza na kuituma kifurushi chake kikingali na salio, ametendewa wema na mtu asiyemjua.