Krismasi Muleba: Chakula Hupangwa Tangu Shambani

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, ikiwa mwaka huu umekusudia kula Krismasi nyumbani mkoani Kagera, hapana budi ulijue jambo moja kabla hujakata tiketi. Chakula cha siku ile hakianzii jikoni, wala hakianzii sokoni. Huanzia kibanjani, yaani katika lile shamba la migomba linaloizunguka nyumba ya Mhaya, lenye mibuni na maharage chini ya migomba, na makaburi ya wazee kando yake. Kibanja kikiwa na afya, sikukuu hujipanga yenyewe. Kikiugua, jamaa wote hulazimika kukaa kitako na kuhesabu. Nimeyaona yote mawili katika nyumba moja, nayo ni nyumba ya mama yangu, wilayani Muleba. Nakuomba tufuatane huko, tukianzia Bukoba mjini, ili uone jinsi sahani moja ya ndizi inavyoweza kuigharimu familia fikra nyingi kuliko mbuzi mzima.

BUKOBA ASUBUHI

Ukiingia Bukoba kwa meli kutoka Mwanza, utakuwa umelala majini usiku kucha. Mv. Victoria, iliyorejea kazini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa, hufunga safari jioni, na asubuhi huanza kukionyesha Kisiwa cha Musira kikiwa kimekaa mbele ya mji kama mlinzi. Usishangae ukikuta mvua. Mji huu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, na Desemba huwa haina huruma kwa mgeni aliyevaa viatu vyeupe.

Siku hizo mji hufurika. Wana wa Kagera waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na nchi za mbali hurudi na watoto wao, na watoto wengine hawajui hata kumwamkia bibi kwa Kihaya. Mabegi hushushwa, simu hupigwa, na kila mmoja huulizana na mwenzake: "Mnaelekea lini kijijini?" Jibu la mwenye busara ni hili: baada ya kupitia sokoni.

Sokoni Bukoba, msomaji, nunua vitu vikavu kwanza. Nunua chumvi, mchele, vitunguu, majani ya chai na sukari, kwa kuwa kadiri unavyolisogelea duka la kijijini ndivyo bei inavyopanda, na kadiri siku ya mkesha inavyokaribia ndivyo inavyozidi kupanda. Nunua pia njugu mawe, zao ambalo tangu zamani wanawake wa Kihaya hulilima kule rweya, yaani kwenye nyika ya majani iliyo nje ya vibanja. Njugu mawe zilizochemshwa kwa chumvi huwanyamazisha watoto wakati chungu kikuu bado kiko motoni.

Kisha utakutana na akina mama wenye mabeseni ya senene. Mdudu huyu wa kijani au kahawia hutua kwa wingi kati ya Novemba na Desemba, na kwa hiyo Mhaya huihesabu Krismasi na senene kama ndugu wa tumbo moja. Huvuliwa usiku kwa taa kali, kwa mabati yaliyosimamishwa na mapipa yaliyowekwa chini yake. Kazi yake kubwa ni kunyonyoa mabawa na miguu, kazi ya saa nyingi inayofaa kufanywa na watu wanaopiga soga. Baada ya hapo huoshwa na kukaangwa kwa mafuta yake mwenyewe na chumvi kidogo. Wazee husimulia kwamba zamani mwanamke aliwakusanya, akawapika, lakini hakuruhusiwa kuwala. Kilikuwa chakula cha wanaume. Siku hizi mwiko huo umekufa, na nyumbani kwetu dada zangu ndio hulimaliza bakuli kwanza.

NJIA YA KWENDA MULEBA

Kutoka Bukoba hadi Muleba ni mwendo wa kama kilomita 70 kuelekea kusini. Utaipita Kemondo yenye bandari yake, utafika Muhutwe, na hapo ukitaka unaweza kuiacha barabara kuu ukapanda Kamachumu, kwenye nyanda za juu zenye baridi na ukungu. Wilaya hii ndiko alikozaliwa Kadinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kufanywa kadinali, mwaka 1960. Kwa wazee wengi wa huku jina la sikukuu si Krismasi bali ni Noeli, na misa ya asubuhi ndiyo saa ya kupimia chakula: maharage yaingie motoni kabla ya misa, ndizi zimenywe baada yake.

Tazama dirishani upande wote wa njia. Utaona migomba iliyosimama kwa safu za kijani, na katikati ya kijani kile, mahali pengine, utaona uwazi. Uwazi huo, msomaji, ndio habari yangu ya leo.

UGONJWA ULIOINGIA JIKONI

Mwaka 2006 mkoa wa Kagera ulianza kutambua ugonjwa mpya wa migomba, mnyauko wa bakteria, ambao wilaya ya Muleba ilikuwa ya mwanzo kuuonja. Wenyeji waliuita unyanjano. Majani hugeuka manjano na kunyauka kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Mkungu huiva kabla ya wakati wake, na ukiikata ndizi utakuta ndani imegeuka rangi ya kutu. Haipikiki, wala haifai kukamuliwa. Ugonjwa huchukuliwa na wadudu wanaotembelea maua, na huchukuliwa pia na panga la mwenye shamba mwenyewe, likitoka mgomba mgonjwa kwenda mzima.

Kibanja cha mama kilikwepa kwa miaka mingi. Kisha, miaka michache iliyopita, kikashikwa upande wa mashariki, na kabla hatujajua la kufanya kikawa kimepukutika zaidi ya nusu. Bwana shamba alimwambia akate na kufukia. Mama alikata. Migomba ile aliikuta akiwa bi harusi, nayo ilikuwa imelisha watoto saba na mazishi mawili. Alipomaliza kuikata hakuja mezani siku hiyo.

Hivyo ulipofika mwezi wa Novemba, tukafanya kikao cha simu kama ilivyo desturi yetu. Kaka yangu wa Dar es Salaam alisema jambo ni jepesi: tununue mbuzi wawili, tupike pilau, na ndizi zisahauliwe kwa mwaka huu. Dada yangu alisema mkungu ununuliwe Muleba mjini na uletwe usiku ili majirani wasione. Mimi nilinyamaza. Mama, aliyekuwa akisikiliza muda wote, aliuliza swali moja tu: "Waitu, nami ninunue ndizi sokoni kama mtu asiye na kwao?"

Huenda wewe unayekaa Magomeni au Mabatini huoni fedheha iko wapi. Kila siku unanunua ndizi, na hakuna anayekucheka. Lakini katika nchi ya migomba, mwenye kibanja anayenunua mkungu ni sawa na mvuvi anayeomba samaki. Mama hakuwa akilia njaa. Alikuwa akililia jina lake.

Tulibishana siku nne. Mwisho wake dada mkubwa ndiye aliyeuona mlango. Alisema mbuzi mmoja anatosha. Fedha ya mbuzi wa pili ikanunue miche safi ya migomba, ile inayoandaliwa na wataalamu wa utafiti wa kilimo pale Maruku, karibu na Bukoba. Kaka alinuna. Alikwisha kuwaahidi wakwe zake nyama ya kutosha, na mtu anayetoka mjini hupenda aonekane ametoka mjini. Lakini alipoulizwa, "Mwaka kesho utakula nini, na mwaka unaofuata?" hakuwa na jibu, akatuma fedha.

HESABU YA WATU 24

Sasa, msomaji, nikupe hesabu yetu, kwa maana sikukuu nyingi huharibika kwa kukosa kalamu na karatasi kuliko kwa kukosa fedha. Tulikuwa watu 24, wakubwa kwa wadogo.

Ndizi: mkungu mzuri wa kilo 20. Maganda na mhimili huondoa karibu theluthi moja au zaidi, hubaki kama kilo 12, yaani nusu kilo kwa kila mtu. Mkungu wa pili, mdogo, ni wa jioni na wa wageni wasioalikwa, ambao siku ya Krismasi hawakosi.

Maharage: kilo 3, yaliyolowekwa usiku wa mkesha. Haya hutangulia chunguni, na yakikaribia kuiva ndizi hupangwa juu yake pamoja na kitunguu, nyanya na samli, kisha chungu hufunikwa kwa jani la mgomba. Jani, si sahani. Mvuke wa jani ndio unaoipa ndizi harufu yake.

Nyama: mbuzi mmoja. Kama ungenunua nyama buchani, weka robo kilo kwa mtu, yaani kilo 6. Utumbo usiutupe, ukipikwa na ndizi za jioni, wazee watakushukuru.

Mchele: kilo 3 kwa ajili ya watoto wa mjini, ambao huikodolea macho ndizi yenye maharage mpaka wamwone mwenzao akirudia sahani.

Samaki: sato wakavu wachache kwa ajili ya bibi na wote wasiokula nyama ya mbuzi.

Kinywaji: ukitaka juisi ya ndizi, hesabu siku 10 nyuma. Ndizi za pombe huvundikwa siku kadhaa mpaka ziive, kisha hukamuliwa kwa majani na kuchujwa. Juisi tamu hunywewa na watoto. Ile inayotiwa mtama wa kukaanga na kuachwa ichachuke huwa rubisi, nayo hainywewi kabla ya chakula, hasa na yule aliyekabidhiwa kuendesha gari.

Kahawa: si ya kunywa, ni ya kutafuna. Buni chache zilizochemshwa na kukaushwa, zikiwa kwenye kikapu kidogo, hupewa mgeni anapoketi tu. Ukisahau vyote, usisahau kahawa hii. Mgeni aliyepewa kahawa amekaribishwa, hata chakula kikichelewa saa mbili.

Na kuni zikusanywe wiki moja kabla, ziwekwe mahali pakavu. Mvua ya Desemba haijui kwamba mnapika.

SIKU YENYEWE

Mkungu tuliununua. Nao haukununuliwa usiku wala haukufichwa. Mama mwenyewe alikwenda mnadani siku mbili kabla ya sikukuu, nami nikambebea kikapu. Nilidhani atatembea kichwa chini. La hasha! Alisimama mbele ya mikungu kama mwalimu mbele ya darasa. Aliibonyeza kidole kidole, akanusa kikonyo, akauliza umekatwa kijiji gani na umekatwa lini. Aliukataa wa kwanza, akaukataa wa pili. Vijana wauzaji walianza kumwita wamsikilize. Mtu anayejua ndizi kiasi kile, hakuna aliyethubutu kumdhania kuwa hana kwao.

Adhuhuri ya Krismasi chungu kiliepuliwa, jani likafunuliwa, na mvuke ukaijaza nyumba. Mama alipakua kwa mkono wake, akaanza na jirani mzee, akamaliza na kaka yangu. Nyama haikumtosha kila mtu mara mbili. Hakuna aliyelalamika kwa sauti.

Baada ya chakula mama alitutoa nje sote, pamoja na wajukuu. Alituonyesha sehemu iliyokatwa, akatueleza kwamba itaachwa ipumzike kwanza, na miche ipandwe mvua za Machi, mahali ambapo hapakuwa na mgonjwa. Akampa mjukuu mkubwa kijiti chenye panda, akamfundisha kulivunja ua la kiume linaloning'inia chini ya mkungu badala ya kulikata kwa panga. Akasema panga lolote litakaloingia kibanjani mwake lipitishwe motoni kwanza. Kaka yangu, ambaye kila mwaka hurudi mjini na machipukizi ya migomba kwenye buti la gari ili apande uwanjani kwake, aliambiwa mwaka ule asichukue hata jani. Alitii.

Mche wa mgomba, msomaji, huchukua mwaka mmoja na zaidi, pengine mwaka na nusu, kabla haujatoa mkungu wa kukata. Piga hesabu mwenyewe utaona kwamba uliopandwa Machi hauwezi kuaminiwa kwa Krismasi ya mwaka uleule; ni wa Krismasi inayofuata. Kwa hiyo siku tuliyokuwa tukila ndizi ya kununua ndiyo siku tuliyokuwa tukipanga chakula cha Krismasi nyingine, na ya pili yake.

Basi unapoketi na jamaa zako kuandika orodha ya mchele, nyama na soda, acha mstari mmoja mtupu mwishoni. Hapo andika kitu kitakachobaki ardhini mtakapokuwa mmeondoka: miche, mbolea ya samadi, au hata ujira wa kijana wa kumsaidia mama palizi. Nyama ya mbuzi wa pili ingekwisha siku ileile. Miche ya mama ilishika.

Nakutakia wewe na jamaa yako Krismasi njema, na safari ya salama.